Mabano Yasiyofungwa: Uhakiki wa Matumizi ya Rejeksi katika Kuchanganua Tagi za Uumbizaji kwa PHP, kwa Kurejelea Matini za Walimu wa Makebuko

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kuchanganua tagi za uumbizaji zinazoandikwa kwa mabano ya mraba kwa kutumia ruwaza za utafutaji, ambazo waandishi wa programu huziita rejeksi, katika lugha ya programu ya PHP. Hoja yetu ni kwamba rejeksi ni chombo stadi cha kutambua tagi moja moja, lakini si chombo cha kuamua ni tagi ipi inafunga ipi. Kazi hizi mbili zinapochanganywa, hasara humwangukia zaidi mwandishi anayechanganya lugha, kama mwalimu wa Makebuko anayeandika Kiswahili, Kirundi na Kifaransa katika aya moja. Data zilizotumika ni mistari ya programu inayofahamika hadharani na matini za walimu ambazo mwandishi wa makala haya alizipitia mwenyewe.

Utangulizi

Makebuko iko katika vilima vya Gitega, katikati ya Burundi. Mwalimu wa Kiswahili wa huko huandika maandalizi ya somo kwa lugha tatu bila kuona ajabu yoyote: kichwa cha somo kwa Kiswahili, istilahi za kiutawala kwa Kifaransa, ufafanuzi wa msamiati mgumu kwa Kirundi. Hali ni hiyohiyo Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, ingawa huko Kiswahili cha sokoni huingia darasani kabla ya mwalimu. Nilipewa kazi ya kupitia mkusanyo wa maandalizi ya aina hii yaliyohifadhiwa katika mfumo mdogo ulioandikwa kwa PHP. Aliyeutengeneza na taasisi iliyougharimia sitawataja, kwa kuwa kosa lao si lao peke yao.

Walimu waliandika kwa simu. Ili kukoza maneno walitumia tagi: [k] ya kufungua na [/k] ya kufunga, kwa nukuu waliandika [nukuu] na [/nukuu]. Seva ilizigeuza tagi hizo kuwa HTML, kisha ikahifadhi matokeo. Katika mkusanyo huo baadhi ya maandalizi yalikuwa matupu. Juu palikuwa na jina la mwalimu, tarehe na darasa. Chini yake hapakuwa na hata herufi moja. Mwalimu mmoja aliambiwa na msimamizi wake kwamba hakuandika. Alikuwa ameandika.

Wataalamu wa lugha huelekea kuliona tukio la namna hii kuwa jambo la mafundi. Msimamo wa makala haya ni kinyume: programu inayosoma maandishi ya watu ni msomaji, nayo yastahili kuhakikiwa kama tunavyomhakiki msomaji yeyote anayedai kuielewa matini.

Kitabu kimepotea

Mstari uliofanya kazi katika mfumo huo ni wa aina inayopatikana katika mafunzo mengi ya PHP:

preg_replace('/\[nukuu\](.*?)\[\/nukuu\]/s', '<blockquote>$1</blockquote>', $matini)

Maana yake: tafuta tagi ya kufungua, chukua herufi zozote zinazofuata lakini kwa uchache uwezekanao, mpaka utakapoikuta tagi ya kufunga iliyo karibu zaidi, kisha badilisha. Kwa nukuu moja, mstari huu hauna dosari. Lakini mwalimu humnukuu mwanafunzi aliyekinukuu kitabu. Akiandika [nukuu]A [nukuu]B[/nukuu] C[/nukuu], rejeksi huishika tagi ya kwanza ya kufungua na kuioanisha na tagi ya kwanza ya kufunga. Nukuu ya nje inafungwa na kifungio cha nukuu ya ndani. C inatupwa nje. Mabano mawili yanabaki wazi mbele ya msomaji. Ukiondoa alama ya kuuliza ili ruwaza iwe na tamaa ya kuchukua herufi nyingi iwezekanavyo, unapata kosa lingine: nukuu mbili zilizotenganishwa na aya nzima ya maneno ya mwalimu humezwa kuwa nukuu moja, na maneno ya mwalimu yanahesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Kwa mtafiti wa matini, kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza.

Mwanaisimu wa Kiswahili hahitaji kufundishwa sababu. Achukue sentensi hii: Kitabu ambacho mwalimu ambaye mkurugenzi alimtuma Gitega alikinunua kimepotea. Ni sentensi nzito, wala simshauri mtu kuiandika, lakini ni sahihi. Nomino tatu zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na vitenzi vitatu vinazifunga kwa mpangilio uliogeuzwa: alimtuma ni cha mkurugenzi, alikinunua ni cha mwalimu, kimepotea ni cha kitabu. Msomaji hulimudu hilo kwa kuwa anazikumbuka nomino zinazosubiri vitenzi vyake, na upatanisho wa kisarufi humsaidia kuhakiki alichokisoma. Rejeksi yetu ingesoma kitabu, ingekikuta kitenzi kilicho karibu, na ingetangaza kwamba kitabu kilimtuma mtu Gitega.

Mpaka huu si mpya. Mwaka 1956 ulichapishwa utafiti wa Stephen Kleene ulioeleza hesabu ya ruwaza za aina hii, na mwaka huohuo Noam Chomsky alionyesha kwamba sarufi yenye hali zenye kikomo haitoshi kueleza miundo inayopachikwa ndani ya miundo. Ken Thompson aliziingiza rejeksi katika utafutaji wa matini kwa kompyuta mwaka 1968. Philip Hazel wa Cambridge alianza mwaka 1997 kuandika PCRE, maktaba ambayo PHP inaitumia hadi leo. Kwa hiyo anayetumia rejeksi kulinganisha mabano yaliyopachikwa hakosi kwa kukosa maarifa yaliyokuwapo. Anakosa kwa kutouliza matini yake ina muundo gani.

Haki ya rejeksi nayo itendewe. Katika mofolojia ya Kiswahili, vyombo vya ukoo huohuo vimefanya kazi nzuri sana. Arvi Hurskainen wa Helsinki amekuwa akichanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili kwa mbinu zenye hali zenye kikomo tangu miaka ya 1980. Zinafaulu kwa sababu viambishi vya kitenzi vina nafasi zilizopangwa na zinazohesabika: katika anayewapikia, nafsi haiwezi kumfuata mtendewa, wala hakuna kitenzi kinachofungua kitenzi kingine ndani yake pasipo mwisho. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni muundo wa kitu kinachosomwa.

Kuna pingamizi ambalo fundi yeyote atalitoa, nalo ni la kweli: PCRE imeshavuka mipaka ya Kleene. Inaruhusu ruwaza ijiite yenyewe kwa alama (?R), na kwa njia hiyo mabano yaliyopachikwa yanaweza kulinganishwa. Wengine hutumia mzunguko unaobadilisha kwanza nukuu ya ndani kabisa, kisha iliyo nje yake, mpaka kusiwe na kitu cha kubadilisha. Njia zote mbili hufanya kazi kwa tagi moja iliyofungwa vizuri. Lakini walimu hawafungi vizuri. Huandika [k]maneno [m]mengine[/k] tena[/m], na kila rejeksi, ikiitwa kwa zamu yake, hubadilisha jozi yake bila kujua kuwa jozi nyingine imeikata katikati. Matokeo ni HTML iliyopishana, ambayo kivinjari hulazimika kuirekebisha.

Waliojua na waliosahau

Tagi za mabano ya mraba zilienea mwishoni mwa miaka ya 1990, na programu iliyozisambaza sana katika ulimwengu wa PHP ni phpBB, iliyoanzishwa na James Atkinson mwaka 2000. Kwa wasomaji wa Kiswahili mfano wa karibu ni JamiiForums, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006, ambamo Kiswahili kingi cha kila siku kimeandikwa kupitia tagi za namna hii. Hivyo hatuzungumzii jambo la pembeni: sehemu kubwa ya nathari ya Kiswahili isiyo rasmi imepita katika mikono ya wachanganuzi wa tagi.

Faili la tagi la phpBB 2, toleo lililotoka Aprili 2002, linastahili kusomwa na mhakiki. Lina mapito mawili: bbencode_first_pass kabla ya kuhifadhi, na bbencode_second_pass wakati wa kuonyesha. Katika pito la kwanza, tagi rahisi za kukoza na kupigia mstari zimeachiwa rejeksi. Tagi za nukuu, za orodha na za msimbo hazikuachiwa. Hizo zinapelekwa kwenye kazi iitwayo bbencode_first_pass_pda, na herufi tatu za mwisho ni kifupi cha jina la mashine yenye rundo katika nadharia ya kompyuta. Kila tagi ya kufungua inawekwa juu ya rundo. Tagi ya kufunga inapofika, hutazamwa iliyo juu. Ndivyo hasa msomaji wetu alivyoisoma sentensi ya kitabu. Aidha, tagi iliyothibitishwa hupigwa muhuri wa herufi za nasibu, ili pito la pili lisiichanganye na mabano ambayo mwandishi aliyaandika kwa shughuli zake mwenyewe.

Waandishi wale, basi, walijua mipaka ya chombo chao na wakaiandika katika jina la kazi. Waliosahau ni walionakili. Mafunzo mafupi yaliyofuata yalichukua zile rejeksi za kukoza maneno, kwa kuwa zilikuwa fupi na za kupendeza, yakazitanua kwa nukuu na orodha, na yakaliacha rundo nyuma. Huu ni upokezi wa matini usio na uhakiki, na tunaufahamu vizuri katika fasihi: mnakili anayeacha beti ngumu.

Sisemi kwamba phpBB 2 ilikuwa safi. Katika familia hiyohiyo ya programu palikuwa na matumizi ya kirekebishi e, kilichoiagiza preg_replace iyachukue matokeo ya ruwaza na kuyatekeleza kama programu. Desemba 2004 kirusi cha Santy kilipenya kupitia kipengele cha phpBB cha kukoza maneno yaliyotafutwa, kikafuta na kuandika upya kurasa za maelfu ya tovuti. Kirekebishi hicho kilitangazwa kuwa hakifai katika PHP 5.5 mwaka 2013, na kikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwaka 2015. Miaka kumi na moja ni mingi kwa tundu lililokwisha kuonekana. phpBB yenyewe, katika toleo la 3.2 la Januari 2017, iliikabidhi kazi ya tagi kwa maktaba ya uchanganuzi halisi, s9e\TextFormatter, inayohifadhi matini kwa XML. DokuWiki ilifuata njia ya kati: rejeksi hukata matini kuwa vipande, lakini uamuzi wa kipande kipi kinaruhusiwa ndani ya kipi hufanywa na hali zilizopangwa katika rundo. Naiona njia hii kuwa ya busara zaidi kwa mifumo midogo.

Ng' na baiti tatu

Mpaka hapa tumeeleza kosa ambalo lingempata hata mwandishi wa Kiingereza. Yapo mengine yanayotuhusu sisi zaidi.

La kwanza ni ritifaa. Tagi yenye jina la mnukuliwa huandikwa [nukuu='Mwalimu wa Ng'ambo'], na ruwaza ya kuchukua kilichomo kati ya ritifaa mbili hurudi na Mwalimu wa Ng. Ruwaza \w+, inayopendekezwa kila mahali kuwa ndiyo neno, huikata ng'ombe kuwa ng na ombe. Kwa miaka mingi PHP ilikuwa na utaratibu wa kuongeza mkwaju nyuma ya kila ritifaa iliyoandikwa na mtumiaji, na waliosoma Kiswahili mtandaoni enzi hizo watakumbuka ng\'ombe na ng\\\'ombe. Utaratibu huo uliondolewa katika PHP 5.4 mwaka 2012. Nayo kazi ya htmlspecialchars, ambayo ndiyo kinga ya kwanza ya matini dhidi ya uharamia, kwa chaguo-msingi haikuigusa ritifaa moja mpaka PHP 8.1. Toleo hilo lilitoka tarehe 25 Novemba 2021, siku mbili baada ya UNESCO kuitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sidai kuna uhusiano. Nasema tu kwamba azimio moja lilisherehekewa katika makongamano yetu na badiliko la pili halikutajwa, ilhali ni hilo la pili lililoilinda ng' katika kurasa tunazozisoma.

La pili ni baiti. Kuna dhana kwamba Kiswahili, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, kiko salama katika mfumo wowote. Dhana hii ni potofu. Simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8. Herufi é ya Kifaransa huchukua mbili. Rejeksi isiyo na kirekebishi u huhesabu baiti, si herufi; nukta yake inaweza kusimama katikati ya herufi. Rejeksi yenye u huheshimu herufi, lakini ina sharti: ikikuta baiti zisizo halali, haibadilishi chochote wala haipigi kelele. Hurudisha NULL.

Hapo ndipo yalipopotelea maandalizi ya Makebuko. Ili kuokoa nafasi, mfumo uliikata kila matini kwenye baiti ya 2,000 kwa kazi ya substr. Kisha ukaipitisha katika rejeksi zenye u. Kisha ukahifadhi kilichorudi. Pale ambapo baiti ya 2,000 ilianguka katikati ya é au ya ritifaa iliyopinda, kilichorudi ni NULL, na NULL ikahifadhiwa kama maandishi matupu. PHP ina kazi ya kuuliza kilichotokea, preg_last_error. Haikuitwa mahali popote. Ni dhahiri pia ni nani aliyeathirika. Mwalimu aliyeandika mistari mitano hakuwahi kuifikia baiti ya 2,000. Aliyeandika Kiswahili tupu kwenye kompyuta, kama alivyofanya aliyeujaribu mfumo, hakuwa na herufi ya kukatwa. Waliopotelewa ni walioandika kwa kirefu, kwa simu, na kwa lugha zote za nchi yao.

NULL hiyohiyo hurudi kwa sababu nyingine, ya hatua. PCRE hujaribu, ikishindwa hurudi nyuma na kujaribu tena, na PHP imeiwekea kikomo cha 1,000,000 cha kurudi nyuma. Matini ndefu yenye tagi nyingi zilizofunguliwa bila kufungwa inaweza kukifikia. Hata wakubwa hunaswa na jambo hili: tarehe 20 Julai 2016 tovuti ya Stack Overflow ilizimika kwa dakika 34 kwa sababu ya rejeksi moja ya kuondoa nafasi tupu, iliyokutana na takriban nafasi 20,000 katika andiko moja.

Kwa wanaoandaa sera

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Mipango ya kukuza Kiswahili katika kanda sasa huambatana karibu kila mara na mfumo wa kidijitali wa kukusanya matini. Mikataba ya mifumo hiyo hutaja idadi ya watumiaji, rangi za nembo na muda wa kukamilika. Haitaji namna matini inavyosomwa na mashine.

Ningependekeza sharti moja lililo juu ya mengine yote: matini aliyoiandika mwandishi ihifadhiwe kama alivyoiandika, na ugeuzaji wa tagi ufanywe wakati wa kuonyesha tu. Mchanganuzi mbovu anaweza kubadilishwa kesho ikiwa matini asilia ipo. Ikiwa kilichohifadhiwa ni matokeo yake, ubovu umekuwa kumbukumbu ya taifa. Sharti la pili ni la majaribio. Badala ya kupokea mfumo kwa kuonyeshwa ukurasa mzuri, mpokeaji aingize nukuu ndani ya nukuu, tagi zinazopishana, tagi isiyofungwa, jina lenye ng' ndani ya ritifaa, na aya moja ndefu ya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa iliyoandikwa kwa simu. Kazi hiyo haimtaki mtaalamu wa kompyuta. Mwalimu wa Muyinga ataifanya kwa nusu saa, na akiona herufi moja imepungua akatae kutia saini.

Fundi naye asidhani anaombwa mlima. Mchanganuzi wa rundo kwa tagi nane hauzidi kurasa mbili za PHP: rejeksi moja ya kukata matini kuwa tagi na maneno, kwa preg_split, orodha moja ya tagi zilizofunguliwa, na kanuni ya nini kifanyike tagi isipopata mwenziwe. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo yenye mjadala wa kitaaluma. Je, tagi yatima ifungwe mwishoni mwa aya, au ionyeshwe kama ilivyoandikwa? Mimi nashikilia ionyeshwe. Mabano yanayoonekana humwambia mwandishi kwamba hakueleweka, naye atayarekebisha. Kufungiwa kimyakimya humwekea mdomoni msisitizo ambao huenda hakuukusudia. Wapo wenzangu wanaoona kwamba hilo linamtwisha mwalimu mzigo wa fundi, na hoja yao si nyepesi kwa mtu anayeandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Katika mkusanyo wa Makebuko, maandalizi yaliyofungwa vibaya yaliweza kurekebishwa kwa mkono, kwa kuyafuata mabano yaliyosalia. Yale matupu hayakurudi, kwa kuwa matini asilia haikuwekwa popote. Mwalimu aliyeambiwa kwamba hakuandika aliliandika upya somo lake la ngeli ya KI-VI. Safari hii aliliandika katika daftari.